Kutoka boksi la viatu hadi maabara: mwongozo kamili wa kuanza utafiti wa mwanga ukiwa Moshi au Arusha

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu huanza. Shangazi wa mtu, au mzee tuliyekaa naye benchi moja kanisani, anauliza: "Kijana wetu anapenda fizikia na kemia, ila damu anaiogopa, udaktari hataki. Kuna kazi gani nyingine?" Namjibu kwamba kuna kazi ya kupima mwanga. Kimya kidogo, halafu: "Mwanga huu wa Tanesko?"

Mwongozo huu ni jibu la simu hizo zote kwa mkupuo. Nimezaliwa Kibosho, na mkate wangu naupata mbele ya spektrofotomita, mashine inayopima kila rangi ya mwanga imefyonzwa kiasi gani. Nitakwenda hatua kwa hatua, lakini hatua hazilingani. Nyingine utazimaliza kwa jioni moja, nyingine zitakula miaka.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Umewahi kulazwa au kumpeleka mgonjwa, ukaona kile kibanio wanachobana kidoleni kikisoma asilimia? Ndani yake mna vitaa viwili, kimoja chekundu cha nanomita 660 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita, ndiyo tunayopimia urefu wa wimbi la mwanga) na kingine cha infraredi, nanomita 940, ambacho jicho halikioni. Damu yenye oksijeni hufyonza mwanga huo kwa namna moja, na damu iliyopungukiwa hufyonza kwa namna nyingine. Mashine inalinganisha na kukupa namba. Hiyo ni spektroskopia: mwanga gani umeingia, upi umetoka, upi umebaki ndani.

Fotokemia inauliza swali linalofuata: huo uliobaki ndani umefanya nini? Mtoto mchanga mwenye manjano akilazwa chini ya taa ya bluu, si joto linalomtibu. Molekuli ya bilirubini iliyo kwenye ngozi yake inameza mwanga, inajikunja kuwa na umbo jingine, na umbo hilo mwili unaweza kulitoa bila kusubiri ini lililo bado changa. Dalili za kwanza za jambo hili zilionekana Uingereza katika miaka ya 1950, muuguzi alipogundua kwamba watoto waliotolewa nje juani manjano yao yalififia pale jua lilipowagusa.

Na biofizikia inahamishia maswali hayohayo ndani ya kiumbe hai: jani, jicho, protini, chembe ya damu. Watu wengi wakubwa wa fani hii wamezipita zote tatu katika maisha yao. George Porter alikuwa ofisa wa rada jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita, yeye na Ronald Norrish pale Cambridge wakaanza kupiga gesi kwa mmweko mkali wa taa na kupima kilichotokea mara tu baada ya mmweko. Kazi hiyo ikawapa Nobeli ya kemia mwaka 1967, pamoja na Manfred Eigen. Baadaye Porter akahamia kwenye klorofili. Ahmed Zewail, mtoto wa Damanhur kule Misri aliyesoma Alexandria kabla ya kwenda Marekani, alitumia leza kufuatilia molekuli zikivunja vifungo vyake ndani ya femtosekunde, yaani sehemu za milioni ya bilioni ya sekunde, na Nobeli ya mwaka 1999 ikawa yake peke yake. Ukiangalia vizuri, watu hawa walishika chombo kimoja wakakijua hadi mifupa, kisha wakabadilisha maswali. Kwa hiyo na sisi tuanze na chombo.

Hatua ya kwanza: tengeneza spektroskopu yako

Usiniambie shule yenu haina maabara. Unahitaji boksi la viatu, nyembe mbili mpya, karatasi nyeusi, selotepu, simu yenye kamera, na DVD tupu ya kurekodia. Hiyo ya mwisho ndiyo imekuwa adimu siku hizi. Waulize wale waliokuwa wakirekodi harusi; wengi wana mnara mzima wa DVD stoo, na watakushukuru ukiwapunguzia.

Kata DVD kwa mkasi upate kipande kama cha chungwa. Ingiza ncha ya wembe ukingoni, katikati ya unene wake. Itafunguka tabaka mbili kama andazi. Tabaka moja litabaki na utando wa fedha: bandika selotepu juu yake, vuta, rudia hadi utando wote utoke. Utabaki na plastiki yenye rangi ya zambarau. Isuuze kwa spiriti rangi iondoke, iache ikauke yenyewe, wala usiifute kwa shati. Ukiinua kipande hicho na kutazama taa kwa pembeni, utaona upinde wa mvua. Kata kipande cha sentimita mbili kwa mbili kutoka karibu na ukingo wa nje, ambako mifereji imenyooka zaidi.

Sasa mpasuo wa kuingizia mwanga. Toboa tundu upande mfupi wa boksi, bandika nyembe mbili zikitazamana makali kwa makali, na katikati acha nafasi ya unene wa karatasi mbili za kawaida, yaani kama milimita 0.2. Ukiacha pana, rangi zitamwagikiana. Ukibana mno, simu haitaona kitu. Ndani ya boksi vika karatasi nyeusi kila mahali, hata kwenye mfuniko.

Wengi hukwama kwenye pembe. Wanaweka simu moja kwa moja mkabala wa mpasuo, wanaona taa nyeupe tu, wanatupa boksi. Mifereji ya DVD imeachana mikromita 0.74, na mwanga unaopita hapo hukunjwa kwa kanuni uliyoikariri shuleni: umbali wa mifereji mara saini (sine) ya pembe ni sawa na urefu wa wimbi. Fanya hesabu kwa kijani cha nanomita 546: 546 gawa kwa 740 ni 0.738, pembe yake ni kama digrii 48. Bluu ya nanomita 436 itatokea digrii 36, na nyekundu ya 611 itakaribia 56. Kwa hiyo upande wa pili wa boksi ukate mshazari, ili kamera itazame ndani kwa digrii 45 hadi 48. Kipande cha DVD kibandike mbele kabisa ya lenzi ya simu, mifereji yake ikiwa sambamba na mpasuo. Ukikosa DVD, CD itakusogeza: mifereji yake ina mikromita 1.6, kijani kitatokea kwenye digrii 20, ila upinde utabanana kama abiria wa Hiace.

Onyo moja, na hili sina utani nalo. Usielekeze boksi kwenye jua, wala usiweke jicho lako mahali pa simu kulitafuta jua. Elekeza kwenye ukuta mweupe au wingu. Ukiwa na mpasuo mwembamba na subira utaona mistari myeusi ndani ya rangi. Fraunhofer aliichora kwa mamia kuanzia mwaka 1814 bila kujua ni nini. Kirchhoff na Bunsen ndio waliokuja kueleza, mwishoni mwa miaka ya 1850, kwamba ni alama za elementi zilizoko kwenye jua.

Hatua ya pili: iambie simu nanomita ni nini

Picha ya upinde wa mvua bado si kipimo. Simu inajua pikseli, haijui nanomita, na kazi ya kulinganisha viwili hivyo ndiyo inayomtenga mtafiti na mpiga picha.

Tafuta taa ya zamani ya enejisava, ile ya mirija iliyojikunja. Taa za LED hazifai kwa hili, kwa sababu zina kilima cha bluu na mteremko mpana wa njano, hazina mistari. Enejisava ina mvuke wa zebaki, kwa hiyo usiivunje. Zebaki hiyo hukupa mstari wa bluu kwenye nanomita 435.8 na wa kijani kwenye 546.1, halafu unga uliopakwa ndani ya kioo, wenye uropiamu, hukupa nyekundu karibu na 611.

Tuseme kwenye picha yako bluu imekaa pikseli ya 412 na kijani pikseli ya 742. Tofauti ya pikseli ni 330, tofauti ya nanomita ni 110.3, basi kila pikseli ni nanomita 0.334. Usishangilie bado. Tumia namba hiyo kutabiri nyekundu. Kama umeiona kwenye pikseli ya 930, hesabu inakupa nanomita 608.9, wakati ukweli ni 611. Una kosa la nanomita 2.

Vijana wengi nikiwafikisha hapa wanataka kulificha hilo kosa. Andika. Limetokana na kwamba pembe haikui sawasawa na urefu wa wimbi, nawe umechora mstari ulionyooka. Ukichora mkunjo kupitia nukta tatu litapungua. Kisha hakiki kwa kitu ambacho hukukitumia kwenye hesabu: chovya waya kwenye maji ya chumvi, uweke kwenye mwali wa kibatari cha spiriti, na mwali utageuka njano ya sodiamu, nanomita 589. Umeipata 588? Chombo chako ni kizuri kuliko unavyodhani. Umeipata 597? Boksi limesogea, rudia.

Hatua ya tatu: jaribio la mnafu

Nenda sokoni, Mbuyuni au Kilombero, nunua fungu la mnafu. Mchicha nao unafaa, lakini mnafu una kijani kizito na matokeo yake huonekana wazi zaidi. Chukua majani machache, toa mishipa minene, katakata, weka kwenye kinu kidogo na chembe za mchanga safi. Mimina asetoni iliyochanganywa na maji, sehemu nane za asetoni kwa mbili za maji. Ukikosa asetoni safi ya duka la kemikali, tumia spiriti isiyo na rangi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi ina manukato na rangi zake, itakuchanganya. Fanya kazi dirishani, mbali na jiko. Asetoni inadaka moto kabla hujamaliza kusema moto. Ponda dakika mbili, chuja kwa karatasi ya kuchujia, hifadhi kwenye chupa ya kioo iliyofungwa karatasi ya fedha.

Kabla ya kupima chochote, zima taa. Chukua ile tochi ya urujuani wanayokagulia noti bandia, imulike chupa kwa ubavuni. Maji ya kijani yatawaka mekundu, mekundu ya damu. Nimeliona hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na bado huwa nanyamaza.

Kinachotokea ni hiki. Klorofili imemeza mwanga wa urujuani na elektroni yake imerushwa juu. Ndani ya jani zima, nishati hiyo ingepokelewa haraka na mitambo ya usanisinuru, na ni asilimia chache tu ingerudi nje kama mwanga. Wewe umelivunja jani, mitambo haipo tena, hivyo kwa klorofili a karibu theluthi ya molekuli zilizomeza mwanga huurudisha kama mng'ao mwekundu karibu na nanomita 670. Mulika jani zima pembeni ulinganishe: litang'aa kidogo sana. Tofauti kati ya chupa na jani ni kitabu kizima cha biofizikia, nawe umekifungua kwa tochi ya mangi wa dukani.

Sasa vipimo. Weka taa nyeupe, kisha chupa bapa yenye asetoni tupu, kisha boksi, piga picha. Badilisha asetoni kwa maji ya mnafu bila kusogeza kitu kingine, piga tena. Kipimo cha ufyonzaji ni logi ya mwanga wa kwanza gawa kwa mwanga wa pili. Hapa simu ina hila mbili. Inajirekebishia mwangaza yenyewe, kwa hiyo tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga mwangaza na kasi. Pili, picha za kawaida za JPEG zimeshakunjwa ili zipendeze machoni, namba zake hazilingani na mwanga halisi. Kama simu yako inahifadhi picha ghafi (RAW), tumia hizo.

Jipime kwa kuzimua. Ongeza asetoni mpaka mchanganyiko uwe nusu ya nguvu yake. Ufyonzaji nao unatakiwa kushuka nusu. Ndiyo kanuni ya Beer na Lambert. Usiposhuka hivyo, kuna mwanga unaovuja ndani ya boksi. Mwanga wa kuvuja ukiwa asilimia 1 tu, chombo hakitaweza kusoma zaidi ya 2 hata ukiweka lami. Kwa boksi la viatu, mimi siamini chochote kinachozidi 1.

Ukibahatika kupata spektrofotomita halisi na kuveti (kichupa cha mraba cha kuwekea sampuli) ya sentimita 1, soma kwenye nanomita 663 na 645, kisha tumia milinganyo ya Arnon ya mwaka 1949. Klorofili a kwa miligramu kwa lita ni 12.7 mara ufyonzaji wa 663, toa 2.69 mara ule wa 645. Klorofili b ni 22.9 mara wa 645, toa 4.68 mara wa 663. Ukisoma 0.60 na 0.25, utapata a 6.95 na b 2.92. Angalia: namba hizo ni za asetoni ya asilimia 80. Ukitumia spiriti, milinganyo hii haikuhusu.

Malizia na fotokemia. Gawa mchanganyiko kwenye chupa mbili, moja ifunge karatasi ya fedha, zote mbili zikae juani mahali pamoja. Kila dakika 10 pima zote mbili. Ile ya wazi itafifia kuelekea rangi ya zeituni, iliyofungwa itabaki kijani. Chora logi asilia ya ufyonzaji dhidi ya muda. Ukipata mstari ulionyooka, mteremko wake ni kasi ya uharibifu. Chupa iliyofungwa si ya mapambo: bila hiyo huwezi kusema ni mwanga uliofanya, maana joto nalo lilikuwepo.

Hatua ya nne: daftari, na aibu yangu

Daftari lenye kurasa zilizoshonwa, kalamu ya wino, tarehe na saa. Ukikosea, piga mstari mmoja, usifute. Andika na vitu vya kijinga: umeme ulikatika saa ngapi, nani alifungua dirisha, asetoni ya chupa ipi.

Nilipoanza kutumia mashine halisi, nilipima klorofili ndani ya kuveti za plastiki. Namba zikawa zinapanda taratibu, kila dakika juu zaidi, kwenye urefu wote wa mawimbi. Nikaamini nimegundua kitu. Usiku huo sikulala, nilikuwa natunga kichwa cha makala. Asubuhi fundi wa maabara akainua kuveti yangu dirishani, akanionyesha: plastiki ilikuwa imeingia ukungu. Asetoni ilikuwa inaila. Nilikuwa napima kuveti ikiyeyuka. Kilichoniokoa nisimwandikie msimamizi ni kwamba nilikuwa nimeandika kwenye daftari "kuveti za plastiki, boksi jipya", na yule fundi akasoma mstari huo.

Basi shika hili: asetoni kwa kioo au kwazi. Plastiki ya kawaida pia haipitishi urujuanimno (mwanga wa UV), kwa hiyo protini ya nanomita 280 na DNA ya 260 hutaziona humo, zinataka kwazi. Na kuveti hushikwa kwa pande zake za ukungu, kamwe si kwa pande angavu.

Hatua ya tano: shule

Hapa sitakawia. Tahasusi ya PCM au PCB zote zinafaa. Ukiwa PCB, hesabu usiitupe, jifunze logi na tofautishi hata kama hakuna mtihani. Shahada ya kwanza iwe fizikia, kemia, baiokemia au sayansi ya maabara. Hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mapema. Grafu ya Excel itakufikisha mwaka wa pili, halafu itakuacha njiani.

Hatua ya sita: ingia maabara ya watu

Kanda hii imejaliwa. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011, na yenyewe ni ya uzamili na uzamivu. Ngaramtoni kuna taasisi kongwe ya utafiti wa viuatilifu, ambayo sasa iko chini ya mamlaka ya afya ya mimea. Moshi kuna hospitali ya KCMC na kituo chake cha utafiti wa tiba, na ukipanda Lyamungu utakuta watafiti wa kahawa. Kote huko kuna mashine inayopima mwanga, iwe kwa damu, udongo au majani.

Jinsi ya kuomba: usitume barua ya "naomba nafasi yoyote". Soma makala moja ya mtu unayemwandikia. Andika aya tatu: wewe ni nani, umefanya nini kwa mikono yako, unaomba nini kwa muda gani. Ambatisha grafu yako ya mnafu, na kosa la nanomita 2 liandikwe chini yake. Kama hajibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu. Kama bado, nenda mwenyewe asubuhi, salimia mapokezi, uliza fundi wa maabara ni nani.

Fundi ndiye mtu wa kumjua. Maprofesa wana mashine kwenye orodha, yeye anajua ipi inafanya kazi. Mwamkie vizuri, mwite mzee au mama kama umri unadai, osha vyombo bila kuambiwa. Nilifika taasisi moja nikiwa na barua yenye mihuri mitatu, nikasubirishwa siku nne kwenye benchi la nje. Siku ya tano nilimsaidia fundi kubeba stabilaiza, na jioni yake nilikuwa mbele ya mashine.

Ukiwa mbele ya mashine, iache taa ipate joto, nusu saa ikiwezekana, kabla ya kusoma chochote. Taa ya deuteriamu, inayotoa urujuanimno, umri wake ni kama saa 1,000 na bei yake inaumiza, basi izime kama unapima rangi za kawaida tu. Soma kwanza sampuli tupu, mwishoni isome tena. Ikiwa imehama, vipimo vya katikati vina mashaka. Na umeme wetu unavyojulikana, hifadhi data kila baada ya sampuli.

Hatua ya saba: tafuta swali linaloishi jirani

Kosa la wanafunzi wengi wa uzamili ni kuchukua swali la maabara ya Ujerumani lenye leza ya mabilioni, wakati nje ya mlango wao maswali yamepanga foleni.

Chukua maji. Vijiji vya miteremko ya Meru, maeneo ya Maji ya Chai na Ngurdoto, vina floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi wa kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Njia moja ya kuipima hutumia rangi iitwayo SPADNS iliyoungana na zirkoniamu: floridi inaipora zirkoniamu, rangi inafifia, nawe unasoma kwenye nanomita 570. Je, simu inaweza kusoma kufifia huko kwa uhakika wa kutosha kumwambia mama achote kisima kipi? Hilo ni swali la uzamili, na pengine zaidi.

Au chukua jua. Pale KCMC hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino. Mafuta ya namna hiyo ni fotokemia ndani ya kopo: molekuli zinameza urujuanimno na kuugeuza joto kabla haujafika kwenye ngozi. Kopo likikaa juani kwenye bajaji wiki nzima, uwezo huo unabaki kiasi gani? Unahitaji kwazi, spektrofotomita na subira.

Au zile taa za bluu za watoto wachanga. Mwanga unaotakiwa ni wa nanomita 460 hadi 490, nao hupungua taa ikizeeka, ingawa kwa jicho bado inaonekana bluu vilevile. Boksi lako la viatu linaweza kuonyesha kama rangi yake iko mahali pake. Kujua nguvu yake kunahitaji mita maalumu.

Swali likigusa mgonjwa, damu au mkojo, hata wa rafiki yako, unahitaji kibali cha maadili kabla ya sampuli ya kwanza, si baada. Anza na kamati ya chuo chako, itakuelekeza kama ni lazima kwenda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Vibali vya utafiti kwa ujumla viko chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Hesabu miezi, usihesabu wiki.

Hatua ya nane: msimamizi, fedha, na makala

Msimamizi mchague kwa kuwauliza wanafunzi wake waliomaliza, na wale walioacha. Maswali ni mawili: anasoma rasimu kwa muda gani, na mwanafunzi anawekwa wa kwanza kwenye makala yake mwenyewe? Sifa nyingine zote ni nyongeza.

Fedha zipo ila zinataka kutafutwa mwaka mzima kabla. DAAD ya Ujerumani hufadhili masomo kwa Waafrika. Kituo cha fizikia cha ICTP pale Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam mwaka 1964, kiliwekwa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, na kina mafunzo mafupi pamoja na stashahada. Kwa wasichana, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, hutoa ufadhili wa uzamivu. Ukipata nafasi ya kugawanya muda, miezi huku na miezi nje, ichukue, na sampuli zako ziwe za nyumbani ili hakuna atakayekunyang'anya swali.

Makala ya kwanza si lazima iende mbali; Tanzania Journal of Science ni mlango wa heshima. Ukipata baruapepe inayokusifu kwa "utafiti wako mtukufu" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, futa. Majarida ya kweli hukawia, na hukuumiza kidogo. Mhakiki wangu wa kwanza aliandika maswali 19. La kwanza kabisa lilikuwa: kuveti zilikuwa za kitu gani?